Binti yangu ameniomba nisimwambie daktari wa meno

Dada mshauri, habari za kazi. Safu yako naisoma muda mrefu nikidhani ni ya wenye matatizo, leo na mimi yamenifika.

Naishi Usa River. Nauza mitumba gulioni Tengeru Jumatano na Jumamosi, mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 17, yuko kidato cha tano, shule ya bweni mkoa wa Pwani. Huyu ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mwezi wa tisa alianguka akicheza netiboli, jino la mbele la juu likakatika pembe. Aliporudi likizo ya Desemba nikampeleka kwa daktari wa meno mjini Arusha. Alipigwa picha, daktari akasema mzizi uko salama, pale palipokatika atapajenga kwa ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino. Akachukua vipande vyake vya rangi akavilinganisha na meno ya mtoto, akaandika kwenye faili, akatupa tarehe ya wiki ya kwanza ya Januari.

Sasa meno ya binti yangu ni kama ya watu wengi wa huku. Ya kahawia, na katikati yana mabaka meupe. Yangu ni hivyohivyo, ya baba yake ndiyo zaidi. Sisi tulikua tukiyaona kila mdomo, hatukushangaa. Lakini shuleni kwao wamo watoto wa Tanga, wa Mtwara, wa Dar es Salaam, na wanamuuliza kama anapigia mswaki kahawa. Hakuwahi kuniambia. Nimeyajua hivi.

Usiku mmoja niliamka kumfunika mdogo wake, nikaona mwanga wa bluu unatoka chumbani kwa dada mtu. Nikajua ni simu, nikaingia nimnyang'anye. Nikamkuta amekaa kitandani, ameng'ata kidude cha plastiki kinachowaka taa, mate yanamchuruzika kidevuni, hata kunijibu hawezi. Sikujua nicheke au nilie. Kumbe alinunua kwa mtu anayetangaza kwenye WhatsApp, bodaboda akaleta mzigo mimi nikiwa gulioni. Ndani ya boksi kuna taa hiyo, mabomba madogo ya jeli na kikopo cha unga wa mkaa. Ubavuni wameandika 35%, ya nini sijui. Kila usiku anapaka.

Nilipomwangalia vizuri fizi za juu zilikuwa zimepauka. Akinywa maji ya friji anashika shavu, jino lile lililokatika ndilo linamuuma kuliko yote. Na yale mabaka meupe yamezidi kuonekana. Anasema ameacha kwa sababu ya maumivu, ila boksi bado liko chini ya godoro.

Nilimuuliza kwa nini hakusubiri daktari. Akanijibu, "Mama, daktari ataweka rangi ya meno haya haya. Nilitaka yawe meupe kwanza." Akaanza kulia, akaniomba nimwahidi sitamwambia daktari wala baba. Nikaahidi. Daktari mwenyewe ni mkali, siku ile alimsema mama mmoja mbele ya watu kwa kumwacha mtoto mpaka meno yameoza. Na baba yake nikigusia tu habari ya meno anasema, "Haya ndiyo meno ya ukoo, nilikuoa nayo."

Dada, kinachoniumiza si boksi. Wakati anasema hataki meno haya alikuwa ananitazama mdomoni. Maji yale nilimnywesha mimi. Makande ya magadi nilimpikia mimi. Nivunje ahadi? Ninyamaze, jino lizibwe, arudi shule? Na huyu wa mwisho ana miaka 3, anakunywa maji ya kisima kilekile. Naye nimemharibia?

Mama wa Usa River

*

Dada yangu, shukrani kwa barua. Nimeisoma na kuirudia, hasa pale uliposema alikuwa anakutazama mdomoni. Nitafika hapo. Kwanza niseme nilivyoelewa: umeshika siri ya mtoto aliyekuamini, na mbele yenu kuna daktari anayetaka kushika jino ambalo wewe unajua jambo lake na yeye hajui. Ukisema, unahofia kumpoteza binti. Ukinyamaza, unahofia jino.

Naomba tuanze na lile jibu alilokupa, maana nadhani umelipita haraka. Alitaka meno yawe meupe kwanza, kisha lijengwe. Dada, hata madaktari wa meno hufuata mpangilio huo. Dawa ya kuzibia haing'ariki kwa jeli. Ikishawekwa imebaki na rangi yake. Kwa hiyo anayetaka kung'arisha hung'arisha kwanza, kisha jino linajengwa kwa rangi mpya. Mtoto wa miaka 17 ameliwaza hilo peke yake kitandani. Kilichomponyoka ni kwamba katikati kuna kungoja. Meno yakitoka kwenye jeli hubaki na hewa ya oksijeni ndani ya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, na dawa ya kuzibia haishiki sawasawa juu yake. Rangi nayo haijatulia. Siku za mwanzo jino huwa limekauka na linaonekana jeupe kuliko litakavyokuwa. Ndiyo maana madaktari wengi husubiri kama wiki mbili tangu jeli ya mwisho. Kukauka huko pia ndiko hufanya mabaka meupe yajitokeze zaidi. Mara nyingi yanapungua baada ya siku kadhaa.

Sasa rudi kwenye faili la daktari. Rangi aliyoandika mle ni ya kabla ya boksi. Akijenga kwa rangi ile, juu ya jino lililobadilika, binti atatoka pale na kiraka. Na kama dawa haikushika, itadondoka akiwa bwenini, akila ugali wa shule.

Kuna na hili la maumivu, ambalo mimi lingeninyima usingizi kuliko rangi. Jeli hizi huleta ganzi ya meno, yaani meno kushtuka kwa baridi, kwa watu wengi, na kwa kawaida huisha siku chache baada ya kuacha. Jino lililokatika lina mlango wazi zaidi, jeli inapenya, kwa hiyo si ajabu liume kuliko mengine. Lakini jino lililopigwa kwa kuanguka linaweza pia kuanza kuuma miezi baadaye kwa sababu mshipa wake wa ndani unakufa. Ni maumivu yanayofanana na matibabu yake yako mbalimbali kabisa. La kwanza linataka kuacha jeli, kungoja, na pengine dawa ya mswaki ya kutuliza ganzi hiyo. La pili linaweza kudai kutoboa jino na kusafisha mzizi. Daktari asiyejua habari za jeli ataona binti anaruka akiguswa na baridi, naye atafikiri kwa alichoonyeshwa tu.

Sisemi haya ili kukusukuma uvunje ahadi. Nasema ili ujue ukimya una bei gani, maana barua yako inauandika kama njia ya kupumzikia.

Hiyo 35% uliyoiona huenda ni kabamaidi peroksaidi, kemikali inayotumika sana kwenye jeli hizi. Ikiingia mdomoni hutoa haidrojeni peroksaidi, ambayo ndiyo inayong'arisha, kama theluthi moja ya kiasi chake. Kwa hiyo 35 ni takribani 12. Nchi za Umoja wa Ulaya, bidhaa ya meno inayozidi 0.1% ya haidrojeni peroksaidi haiuzwi kwa mtu wa kawaida. Hadi 6% inapitia kwa daktari wa meno, na haitolewi kwa aliye chini ya miaka 18. Zaidi ya hapo hairuhusiwi kuuzwa kama kipodozi. Kwetu vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, lakini mzigo uliopita WhatsApp na bodaboda nani ameupima? Huo weupe kwenye fizi ni kuungua kwa kemikali, na kwa kawaida hupona kwenyewe jeli ikiachwa. Taa ya bluu haiongezi kitu cha maana zaidi ya kumfanya mtu aamini kuna kazi inafanyika. Unga wa mkaa ndio ningeuondoa nyumbani leo, kwa kuwa unasugua enameli, na enameli iliyosuguliwa hairudi.

Na dada, jeli ya dukani isingemfikisha anakotaka hata kama ingekuwa salama. Imetengenezwa kwa meno yaliyochafuliwa na chai, kahawa na sigara. Kahawia ya kwenu inatokana na floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya huko, nayo imo ndani ya enameli yenyewe, imeingia jino likiwa bado linaumbwa chini ya fizi. Jeli huwa inang'arisha kila kitu kwa pamoja, weupe na kahawia, tofauti ikabaki palepale au ikazidi. Yupo daktari anayeweza kufanya jambo hapo: kusugua kwa uangalifu tabaka jembamba sana la juu kwa tindikali maalumu, kung'arisha taratibu kwa jeli hafifu ndani ya kisahani kilichotengenezwa kwa umbo la meno yake, au kufunika mbele ya jino kwa dawa ileile ya kuzibia. Ziko njia za kusaga jino na kulivisha gamba, nazo ni ghali na hazina kurudi nyuma. Kwa umri wake, mtu akianza kwa kutaja hiyo, ulizeni maswali mengi kabla ya kutoa hata senti. Hapo mjini Arusha, au hospitali ya KCMC Moshi, binti mwenye meno kama yake si mgeni. Wamewaona wengi.

Ndiyo maana nina swali kuhusu huo ukali wa daktari. Ulimwona akimsema mama mmoja, siku moja. Labda ni mtu wa hivyo kweli, wapo, na kumsema mzazi mbele ya foleni si uungwana hata kama meno yameoza. Lakini daktari wa meno wa Arusha anayesikia kwamba kijana wa Usa River amejaribu kung'arisha meno nyumbani, unadhani atakuwa anasikia mara ya kwanza? Inawezekana atanuna. Inawezekana atauliza tu "mara ya mwisho lini?" na kufungua kalenda. Unamjua kwa kiasi gani?

Tuangalie basi njia zilizo mbele yako. Kunyamaza nimeshakueleza. Ukimpigia daktari kwa siri, jino litakuwa salama, na huenda binti asijue kamwe. Ila daktari anaweza kuropoka bila nia mbaya, "mama yako ameniambia", na binti yuko kwenye kiti, mdomo wazi, hawezi hata kujibu. Ni umri wa kuhesabu nani alimsaliti. Akirudi bwenini na hesabu hiyo, siku akipata jambo zito kuliko meno sijui atamletea nani.

Unaweza pia kurudi kwake yeye mwenyewe. Ahadi uliyotoa ni kwamba wewe hutasema. Haikumzuia yeye kusema, wala haikukuzuia wewe kumwomba akufungue. Mkae, si usiku na si mbele ya wadogo zake, umwambie ulichojifunza: kwamba wazo lake la kung'arisha kwanza halikuwa la kijinga, kwamba limebakiza kungoja, na kwamba rangi aliyoandika daktari haimfai tena. Nadhani hilo la rangi litamwingia kuliko onyo lolote. Huyu anataka jino zuri. Mwonyeshe kuwa daktari asiyejua hawezi kumpa. Kama aibu ndiyo tatizo, mwache aandike kwenye karatasi ampe daktari: nimetumia jeli hii, mara ya mwisho tarehe fulani, jino hili linauma nikinywa baridi. Boksi liende naye kwenye mkoba, maana daktari atataka kusoma maandishi yake. Na unaweza kuomba aonwe peke yake dakika chache, wewe ukasubiri kwenye benchi. Mabinti wa umri huo wakati mwingine humwambia mgeni kile ambacho mbele ya mama hakitoki.

Njia hii nayo ina hatari zake. Anaweza kukataa. Akikataa utakuwa na uamuzi mgumu zaidi kuliko ulio nao leo, maana yeye ni mtoto kisheria na wewe ndiye unayeruhusu matibabu. Lakini hata hapo kuna tofauti kati ya kumzunguka na kumwambia usoni, "Mwanangu, niliahidi kabla sijajua, na sasa najua. Nitasema, na nimeanza kwa kukwambia wewe." Atakasirika. Hataona amedanganywa.

Kuahirisha nako kupo. Kama jeli aliiacha juzi na miadi ni wiki ya kwanza, huenda wiki mbili hazijatimia, na shule inafunguliwa. Hapo daktari anaweza kuamua kulainisha pembe iliyokatika ili isikwaruze mdomo, au kuifunika kwa muda, kisha kulijenga likizo ijayo. Ni jambo la kumuuliza, kwa kuwa inategemea jino limekatika kwa kina gani. Msiahirishe kwa kujificha tu, maumivu yakiwa bado yapo.

Baba yake nitamwacha kwenu. Niseme tu kwamba mwanamume akisema "nilikuoa nayo" pengine anajaribu kukwambia jambo jema, ingawa binti yake analisikia kama mlango unaofungwa.

Sasa yale macho yake mdomoni mwako. Wewe umeyasoma kuwa anakukataa, au anakulaumu. Je, kama alikuwa anakutazama kwa kuona haya, kwamba amesema ubaya wa kitu ambacho wewe pia unacho? Watoto hujikuta wamemuumiza mama kabla hawajamaliza sentensi. Sijui ni lipi, na wewe hujui mpaka umuulize. Na wewe je, umewahi kuyataka meno yako yawe vingine? Hujasema popote kwenye barua. Hata wewe hakuna anayekuzuia kumuuliza daktari huyo habari ya meno yako, siku hiyohiyo, binti akikusikia.

Kuhusu kumnywesha maji: floraidi ile inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro, inaingia kwenye mito, chemchemi na visima. Maji yanaonekana safi, hayana harufu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwa miaka mingi Tanzania ilivumilia hadi 4 kwa sababu sehemu kama zenu zisingepata maji mengine. Mama mmoja na ndoo yake angefanya nini mbele ya hilo? Kama uliyachemsha, ulijua umeyafanya salama, kama tulivyofundishwa wote. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea.

Huyo wa miaka 3 bado hujachelewa kumsaidia. Meno ya mbele ya utu uzima yako chini ya fizi zake yakiendelea kuumbwa, na enameli ya meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho kabisa, huwa imekamilika kufikia karibu miaka 8. Hata kama amekunywa maji hayo mpaka sasa, miaka iliyobaki ina uzito wake. Ulizeni ofisi ya maji kisima chenu kimepimwa kiasi gani. Kama mna bati zuri, maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Yakinge, yachemshe, yawe yake ya kunywa na kupikiwa, nyie wengine mwendelee na kisima kwa kufulia na kuoga. Kituo cha Ngurdoto, ambacho si mbali na kwenu, kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nendeni muulize vichujio vya nyumbani vinapatikanaje. Magadi mengi ya huku yana floraidi nyingi, kwa hiyo sahani yake ya makande itoke sufuria isiyo na magadi. Maharage loweka tangu jana yake, yataiva. Mswaki apige kwa dawa ya kawaida, kiasi cha punje ya njegere, na afundishwe kutema.